Besi haitoki chumbani: kutafuta kasoro kwenye kifyonza sauti cha sponji na spika

Chumba kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3.2, na dari iko mita 2.8 juu. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa plasta, sakafu ni zege. Prodyuza amekaa katikati, anabonyeza noti ya F ya chini kwenye kibodi, haisikii. Anaipandisha. Anaipandisha tena. Usiku huohuo anaupeleka wimbo kwenye gari la rafiki yake, na F ileile inatikisa milango mpaka maneno ya mwimbaji hayasikiki.

Vyumba vya namna hii nimeingia vingi hapa Dar es Salaam, na kisa chake ni hesabu ya dakika moja. Kwenye joto la nyuzi 29, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 8, unapata 43.6 Hz, yaani mitetemo 43.6 kwa sekunde. F ya chini ni 43.65 Hz. Mwenye nyumba alijenga ala ya muziki bila kujua. Upana unatoa 54.5 Hz, jirani kabisa na A; kimo cha dari kinatoa 62 Hz, jirani na B. Aliyekaa katikati ya urefu amekaa bondeni mwa wimbi la F, mahali ambapo mgandamizo wa hewa haupandi wala haushuki. Aliyesimama ukutani anapigwa na F yote. Ukuta wa jipsamu ungetetemeka na kula sehemu ya besi. Ukuta wa tofali na zege unairudisha karibu yote ndani.

Dawa ninayoijengea vyumba hivi ni kifyonza mseto: sanduku lililozibwa, ndani yake spika, mbele ya spika tabaka la kitu chenye vinyweleo kama sponji au sufi ya mawe, na katikati ya hivyo viwili maikrofoni ndogo. Kabla ya kutafuta kasoro inafaa uelewe kazi ya kila kimoja, maana nusu ya makosa hutoka hapo.

Sponji hula sauti kwa msuguano: hewa ikipita kwenye vinyweleo, mwendo wake unageuka joto. Lakini hewa iliyogusana na ukuta haiendi popote. Pale mgandamizo ni mkubwa na mwendo ni sifuri. Mwendo wa hewa unakuwa mkubwa kuliko kote robo ya wimbi kutoka ukutani, na kwa F yetu, yenye wimbi la mita 8, robo ni mita 2. Yaani sponji ingefaa itundikwe katikati ya chumba, hapo alipokaa prodyuza. Spika inakuja kulitatua hilo. Maikrofoni inasoma mgandamizo nyuma ya sponji, na spika inasukumwa ili mgandamizo huo ubaki karibu na sifuri. Hewa ya chumbani, kwa kuwa nyuma hakuna kinachoizuia, inapenya sponji na kuacha nguvu yake humo. Tabaka la sentimita chache linafanya kazi kana kwamba liko mita 2 kutoka ukutani, tena kwa masafa yote ya chini kwa wakati mmoja. Wazo hili lilichapishwa mwaka 1953 na Harry Olson na Everet May, Marekani. Guicking na Lorenz wa Göttingen, Ujerumani, walilithibitisha kwa majaribio mwaka 1984. Leo kuna vifaa vya dukani vinavyotumia upinzani wa hewa, maikrofoni na spika, kama AVAA ya PSI Audio ya Uswisi, ambayo modeli yake ya C20 hufanya kazi kati ya 15 na 150 Hz. Sisi wengi tunajenga wenyewe.

Jambo ninaloliamini baada ya kufungua masanduku mengi ni hili: lawama hupelekwa kwa elektroniki, na kasoro hukutwa kwenye sponji, kwenye sanduku, au mahali lilipowekwa. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini nitaanzia huko, na saketi itafuata.

Kuta zimefunikwa zote, na besi haijasogea

Hii si kasoro ya kifyonza mseto, ila ndiyo inayowaleta watu kwangu. Trei za mayai ni karatasi nyembamba. Zinachezea kidogo sauti za juu, basi. Sponji ya sentimita 5 iliyobandikwa ukutani huanza kazi ya maana kwenye mamia ya Hz kwenda juu. Ukizijaza kuta zote, unapata chumba kibaya kuliko ulivyoanza: sauti ya mwimbaji inakauka kama yuko ndani ya kabati la nguo, huku besi inatamba vilevile. Wengine huongeza tabaka la pili na la tatu la trei. Usitumie pesa huko.

Ng'oa nusu ya ulichobandika. Pembeni weka sufi ya mawe nene, sentimita 20 hadi 30, ukiacha nafasi ya hewa nyuma. Hiyo itashughulikia 120 Hz kwenda juu kwa kiasi kizuri. Kwa noti za katikati, paneli ya plaiwudi juu ya fremu iliyozibwa ni rafiki mzuri sana wa chumba. Masafa yake hupatikana kwa kugawa 60 kwa kipeuo cha pili cha uzito wa plaiwudi (kilo kwa mita ya mraba) mara kina cha fremu (mita). Plaiwudi ya milimita 6 ina kama kilo 4. Kwenye fremu ya sentimita 12 inaitika karibu na 87 Hz, ambayo ni F ya oktava inayofuata. Sasa jaribu kuishusha mpaka 43.6: fremu inataka kina cha karibu nusu mita. Hapo ndipo plaiwudi inapokushinda kwa nafasi na kifyonza chenye spika kinapoanza kustahili gharama yake.

Kimewashwa, hakuna kilichobadilika

Usifungue sanduku bado. Lisogeze. Kifyonza hiki hula mgandamizo, na kama kimekaa bondeni hakina cha kula. Piga toni ya 43.6 Hz kwa sauti ya wastani, kisha tembea polepole ukifuata ukuta. Utasikia toni ikififia na kurudi. Mahali inapokujaza masikio ndipo pake, na kwa kawaida ni kwenye kona, chini, pale kuta mbili zinapokutana na sakafu, kwa sababu huko mawimbi ya urefu, upana na kimo yote yako kileleni. Nimewahi kuitwa kwenye chumba ambacho sanduku zuri kabisa lilikuwa limewekwa chini ya meza, katikati ya ukuta mrefu. Tulilikokota mpaka kona. Hatukugusa waya hata mmoja, na prodyuza alinyamaza, akarudia noti ileile mara nne.

Kama mahali ni sahihi, kagua uvujaji. Sanduku lenye upenyo linabatilisha kazi yake lenyewe: spika inavuta, hewa inaingia kwa pembeni badala ya kupita kwenye sponji. Mimi hutumia udi. Lisha spika toni ya 20 Hz, washa kijiti cha udi, kipitishe polepole kwenye kila kiungo, kwenye ukingo wa spika, na hasa pale waya unapoingilia. Moshi wenye afya unapanda wima. Moshi unaopigapiga kama unapuliziwa umekuonyesha tundu. Ziba kwa silikoni, subiri ikauke, rudia.

Kisha tabaka lenyewe. Upinzani wake kwa hewa unatakiwa ukaribiane na wa hewa, ambao ni takriban paskali 410 kwa kila mita moja kwa sekunde. Kwa sanduku dogo ndani ya chumba kikubwa ni bora uwe chini ya hapo, ili limeze hewa zaidi ya ukubwa wake. Sufi ya mawe yenye upinzani wa 20,000 kwa kila mita ya unene inakupa 400 kwa sentimita 2 tu. Wengi huweka sentimita 10 wakidhani unene ni ubora, na hapo tabaka linageuka ukuta. Godoro nalo lina hila: baadhi ya sponji zina vinyweleo vilivyofungwa. Kata kipande, kiweke mdomoni, puliza. Pumzi ikipita kwa kujitahidi kidogo, kinafaa. Isipopita kabisa, hicho ni kizibo. Kipimo hiki ni cha sponji na vitambaa tu; sufi ya mawe na ya kioo usiziweke karibu na mdomo, na vaa barakoa unapozikata. Usufi wa mti wa msufi unafyonza vizuri pia, lakini unashikana na kujaa chini baada ya muda, na unashika moto haraka mno. Sitauweka kwenye sanduku lenye amplifaya.

La mwisho chini ya dalili hii ni kipimo chenyewe. Watu huangalia desibeli, wanaona imeshuka kidogo, wanakata tamaa. Angalia mkia. Pakua REW, programu isiyolipiwa ya kupima sauti ya chumba, piga mfagio wa masafa (toni inayopanda mfululizo) kuanzia 20 hadi 300 Hz, mara moja kifaa kikiwa kimezimwa na mara moja kimewashwa, na linganisha muda noti inaochukua kufifia. Noti inayokata haraka ndiyo inayomwezesha mtu kuchanganya kiki (ngoma kubwa ya mdundo) na besi bila kubahatisha. Na uwe mwaminifu kuhusu idadi: sanduku moja la spika ya inchi 10 ni kama dirisha dogo lililofunguliwa kwa ajili ya besi tu. Chumba cha mita za ujazo 36 kinataka mawili, kona mbili.

Kinapiga mluzi mara tu geini (kiasi cha ukuzaji) inapopandishwa

Hii ndiyo inayowakatisha tamaa mafundi, nami nataka tuikalie.

Kitanzi cha maikrofoni, amplifaya na spika kinafanya kazi hivi: mgandamizo mbele ya koni unapanda, koni inarudi nyuma ili kuushusha. Sharti ni irudi kwa wakati. Ikichelewa nusu ya mzunguko, pale ilipopaswa kurudi inasukuma, na kifyonza kimegeuka kipiga kelele. Kwa hiyo swali la kwanza si "ni mluzi mkubwa kiasi gani" bali ni "uko kwenye noti gani". Rekodi kwa simu, usome masafa.

Mvumo wa chini, chini ya 60 Hz, unaoanza hata geini ikiwa ndogo kabisa: nguzo za spika, chanya na hasi, zimegeuzwa. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye chanya ya spika. Koni inapaswa kutoka nje. Ikiingia ndani, alama za nyuma ya spika zinadanganya. Baada ya kujua ukweli wa spika, piga toni ya 45 Hz kutoka spika nyingine, fungua geini kidogo sana, ugeuze waya huku na huku. Upande mmoja toni nyuma ya sponji inapungua. Upande wa pili inaongezeka.

Kama nguzo ni sahihi na bado mvumo uko chini, uliza sauti inapita wapi. Mtu akipitisha maikrofoni kwenye kadi ya sauti ya USB na programu ya kompyuta, ucheleweshaji wa milisekunde 10 ni jambo la kawaida. Mzunguko wa 50 Hz ni milisekunde 20. Milisekunde 10 ni nusu yake kamili. Hakuna kichujio kitakachokuokoa hapo. Kompyuta itoke kwenye kitanzi. Tumia saketi ya opampu (chipu ya kukuza ishara bila kompyuta), ambayo haichelewi kwa kiasi cha kukusumbua, au kichakataji kilichotengenezwa kwa ucheleweshaji mdogo.

Mluzi wa 300 hadi 800 Hz ndio wa kawaida zaidi. Kigeuzi cha dijitali kinachochelewa milisekunde 1 kinafikia nusu ya mzunguko kwenye 500 Hz, na geini ikiwa bado kubwa hapo, mluzi hauepukiki. Kishawishi ni kukata kwa kichujio kikali juu ya 150 Hz. Lakini kichujio kikali nacho kinachelewesha, na kinachelewesha zaidi karibu na hapo kinapokata. Tumia kinachoshuka taratibu. Halafu rudi kwenye sponji: uwazi kati ya koni na tabaka una milio yake, na ukiuacha mtupu, milio hiyo hunyanyua kitanzi mahali pabaya. Jaza pembezoni mwa uwazi huo kwa sufi, ukiacha njia mbele ya maikrofoni. Mara nyingi hatua hii peke yake imeniruhusu kuongeza geini bila kubadilisha hata kipinga kimoja. Njia ya kuhakiki: ondoa tabaka la mbele, acha mluzi uwe hafifu, sogeza kiganja polepole kuelekea uwazi. Noti ya mluzi ikihama na kiganja, chanzo ni uwazi, na saketi haina kosa.

Juu ya 1000 Hz, angalia umbali wa maikrofoni. Ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye koni, safari ya sauti peke yake inaleta nusu ya mzunguko karibu na 1700 Hz. Isogeze mpaka sentimita 2 au 3, ukihakikisha koni haitaigusa ikitoka mpaka mwisho.

Geini kiasi gani basi? Kitanzi chenye geini ya 3 kinaacha robo ya mgandamizo nyuma ya sponji, desibeli 12 pungufu. Hicho kinatosha kabisa kwa tabaka kufanya kazi yake. Ukitafuta 20 unahitaji geini ya 9, na utalipia kila desibeli kwa wasiwasi wa mluzi.

Koni inapumua polepole, na hakuna muziki

Kama feni iko usawa wa sanduku au dirisha liko wazi, huo ni upepo: maikrofoni inausoma kama besi isiyo na mwisho. Hamisha feni. Kama chumba kimetulia na bado koni inaenda na kurudi mara nane au kumi kwa sekunde, umeweka kichujio kikali mno upande wa chini. Kilegeze, au kishushe.

F imetulia, lakini sasa kuna ukali kwenye 200 Hz

Kitanzi cha namna hii kikishusha mahali, kinapandisha pengine kidogo. Ni kama kubonyeza mpira: unaingia hapa, unavimba pale. Huwezi kulifuta hilo kwa kurekebisha saketi. Unaweza tu kuchagua uvimbe uangukie wapi, na uuangushie mahali penye sponji ya kuula. Ndiyo maana nasisitiza sufi nene kwenye kona nyingine na kuzunguka sanduku lenyewe. Shusha geini kidogo, ongeza sufi, pima tena. Mtu aliyeng'oa vifyonza vyake vyote vya kawaida baada ya kununua cha umeme atakutana na dalili hii wiki ya kwanza.

Sauti ndogo kinatii, sauti kubwa kinakoroma

Tazama koni kwa macho. Kwa spika ya inchi 10 nyuma ya tabaka la sentimita 30 kwa 30 lenye upinzani wa 100, desibeli 110 kwenye kona zinaidai koni isafiri chini ya milimita 1 kila upande kwenye F yetu. Kwa 120 ni karibu milimita 3, na spika nyingi za bei nafuu zinaishia hapo. Ukishuka oktava moja, safari inaongezeka mara mbili. Kama koni haionekani kuhangaika na bado kuna kukoroma, amplifaya inakata: hewa iliyofungwa ndani ya sanduku dogo ni springi ngumu, na kuisukuma kunataka nguvu zaidi ya unavyodhani. Sanduku kubwa ni nafuu kuliko amplifaya kubwa.

Kinavuma umeme ukikatika na jenereta kuwashwa

Tenganisha mambo mawili. Jenereta ya silinda nne inayozunguka mara 1500 kwa dakika inatoa sauti halisi ya 50 Hz, na ile ndogo ya petroli yenye silinda moja inayozunguka 3000 inatoa 25 Hz. Kifyonza kinajaribu kuimeza sauti hiyo, kwa hiyo koni itakuwa kazini muda wote hata bila muziki. Hilo ni sawa, ila linakula akiba ya mwendo wa koni. Mvumo wa waya ni jambo jingine: chomoa maikrofoni na ufunge ingizo la amplifaya kwa waya mfupi. Mvumo ukibaki, tafuta usambazaji wa umeme wenye kasoro au ardhi iliyounganishwa mahali pawili.

Kilikuwa kizuri, miezi imepita, sasa kimelegea

Pwani yetu inakula spika. Bonyeza kwa kidole ukingo wa sponji unaoshikilia koni. Ukiacha unga mweusi kwenye kidole, umeoza, na sanduku linavuja kupitia hapo hata kama hujaona tundu. Nunua spika yenye ukingo wa raba. Maikrofoni iliyolowa unyevu wa chumvi inapoteza nguvu taratibu, kwa hiyo pima geini yake kila masika na uiandike kwa penseli ndani ya sanduku. Kagua pia sufi ya mbele: vumbi likijaa, upinzani wake unapanda, na kitambaa cha kuifunika kilichofuliwa mara moja kwa mwaka kinaizuia isifike huko. Ukibadilisha spika, rudia kipimo cha betri kabla ya kuunganisha chochote, kwa sababu spika mbili za muundo uleule zinaweza kuja na alama zilizopishana.